Darasani au mtandaoni? Jinsi ya kuchagua kozi ya lugha ya kigeni kabla hujalipa ada

Mtu akitaka kuanza Kifaransa, Kijerumani, Kichina au lugha nyingine ngeni, swali lake la kwanza huwa ni hili: nijiunge na darasa, au nisome mtandaoni? Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Yapo madarasa ambamo mwanafunzi anamaliza muhula mzima hajatunga sentensi kumi za kwake mwenyewe, na zipo kozi za mtandaoni ambazo kila baada ya dakika mbili unatakiwa useme kitu. Kinyume chake kipo pia, na kipo kwa wingi.

Lugha inaingia kwa njia tatu: kusikia na kusoma sana mambo unayoyaelewa, kuitumia kwa kinywa na kalamu yako, na kuwa na mtu anayekusahihisha. Ile ya kwanza siku hizi unaipata bure au kwa gharama ndogo, ukiwa popote penye intaneti. Unapolipa ada, hasa unalipia zile mbili zilizobaki. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama somo lipo chumbani au kwenye skrini, uliza: hapa nitasema kwa muda gani, na nani atanisahihisha? Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Andika utaifanyia nini lugha hiyo

Chukua karatasi uandike sentensi moja. "Nataka kujua Kijerumani" haitoshi. "Nataka kusoma chuo kikuu kwa Kijerumani", "nataka kuzungumza na wakwe zangu kwa Kireno", "nataka kusoma makala za kitabibu kwa Kifaransa": hizo zinatosha, na kila moja inakupeleka njia yake. Anayetaka kusoma makala tu anaweza kujisomea kwa mbali bila wasiwasi mkubwa. Anayetaka kuzungumza na wakwe anahitaji kinywa kifanye kazi tangu wiki ya kwanza.

Kama unahitaji cheti, angalia mtihani wenyewe kabla ya kuangalia kozi, maana mitihani haifanani. Lugha nyingi hupimwa kwa ngazi sita zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, kuanzia A1 ya mwanzo kabisa hadi C2. Mtihani wa Kijapani wa JLPT una ngazi zake tano, kutoka N5 hadi N1, na hauna sehemu ya kuzungumza wala ya kuandika insha. Mtu anayelenga huo anaweza kujiandaa peke yake nyumbani akafaulu vizuri, ingawa kufaulu hakutamfanya aweze kuongea. IELTS ya Kiingereza ina mazungumzo na mtahini kwa dakika 11 hadi 14, ana kwa ana au kwa video. TOEFL, nayo ya Kiingereza, inakutaka useme kwenye maikrofoni bila mtu mbele yako, na hilo pekee huwababaisha watu waliozoea kuitikiwa kwa kichwa na mwalimu. Ukishajua utapimwa vipi, fanya sehemu ya mazoezi yako katika hali ileile.

Angalia pia muda wa cheti. Diploma ya DELF ya Kifaransa haiishi muda wake. Matokeo ya IELTS na TOEFL yanahesabiwa kuwa halali kwa miaka 2. Ukifanya mapema mno, utalipa mara mbili.

Hatua ya 2: Kadiria saa, kwa uaminifu

Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani imekuwa ikikadiria muda ambao mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji ili aifanyie kazi lugha ya kigeni. Kwa Kifaransa au Kihispania ni kama saa 600 hadi 750 za darasani. Kwa Kiswahili chetu ni kama 900. Kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni kama 2,200. Hizo ni saa na mwalimu tu. Mazoezi ya nyumbani yako juu yake. Kwako wewe unayesoma haya kwa Kiswahili namba zitasogea. Katika Kiarabu utakuta maneno mengi unayoyajua tayari, na kama umeshajifunza lugha mbili au tatu maishani, una faida ambayo mwanafunzi wa lugha moja hana.

Sasa piga hesabu. Darasa la mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila kipindi, kwa wiki 40 za mwaka, linakupa saa 120. Kwa mwendo huo saa 600 ni miaka mitano. Vipindi vitatu vya nusu saa na mwalimu wa mtandaoni, kwa wiki hizohizo, ni saa 60. Maana yake, darasani au mtandaoni, vipindi peke yake havitakufikisha. Sehemu kubwa ya lugha utaijenga kati ya kipindi na kipindi. Kozi nzuri ni ile inayokuacha na kazi inayoeleweka ya kufanya kesho yake, na kozi isiyokupa kazi ya nyumbani usiichukue, hata ikiwa na vyumba vizuri au programu yenye rangi za kupendeza.

Hatua ya 3: Hesabu dakika za kinywa chako

Hii ndiyo hatua ninayokuomba uikalie zaidi. Vituo vingi na walimu wengi wa mtandaoni wanakubali mtu ahudhurie kipindi kimoja cha majaribio. Omba. Nenda na saa na kalamu, chagua mwanafunzi mmoja wa kawaida, na kila anapofungua kinywa, andika anasema kwa muda gani. Usimchague yule hodari wa mbele. Chagua aliyekaa katikati.

Tuseme darasa lina watu 20 na kipindi ni dakika 90. Mwalimu akitumia nusu ya muda kueleza, zinabaki dakika 45 za kugawana. Wakijibu mmoja mmoja, kila mtu anapata dakika mbili na ushei. Ni kidogo mno. Lakini mwalimu huyohuyo akiwapanga wawiliwawili kwa dakika 30, kila mmoja anasema karibu dakika 15, sawa na mtu anayelipia nusu saa ya peke yake na mwalimu ambaye naye anaongea nusu ya muda. Chumba ni kilekile na watu ni walewale. Kilichobadilika ni mpango wa mwalimu.

Kundi la mtandaoni lina tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka wawe ndani. Kwenye simu ya video watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja wakasikika. Watu 20 kwenye skrini moja maana yake 19 wananyamaza. Programu za mikutano zina njia ya kuwagawa watu katika vyumba vidogo, na mwalimu mzuri huitumia, ila bado kuna tofauti: chumbani mwalimu anatembea kati ya madawati na masikio yake yanadaka makosa ya jozi nne au tano kwa wakati mmoja, mtandaoni anaingia chumba kimoja, na vyumba vingine vyote vinabaki bila mtu wa kusahihisha. Ndiyo maana naamini kundi kubwa lina nafuu zaidi darasani, na kwamba mtandao unafaa zaidi kwa mtu mmoja na mwalimu wake, au kundi la watatu hadi watano. Ukiona tangazo la darasa la moja kwa moja mtandaoni lenye watu 30, jua unanunua mhadhara.

Kozi zilizorekodiwa na programu za simu zina dakika sifuri za kuzungumza na mtu. Siyo mbaya, zinafaa sana kwa msamiati, sarufi na kusikiliza. Zihesabu kwa kile zilicho.

Hatua ya 4: Chunguza unavyosahihishwa

Katika kipindi hichohicho cha majaribio, tazama mwanafunzi anapokosea. Walimu wengi, kwa upole, hurudia sentensi ya mwanafunzi ikiwa sahihi kisha wanaendelea. Mwanafunzi anaitikia "ndiyo", na kosa linabaki palepale. Mwaka 1997 watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha uchunguzi wa madarasa ya Kifaransa nchini Kanada. Waligundua kwamba usahihishaji wa namna hiyo ndiyo uliotumika kuliko wote, na ndiyo uliowafanya wanafunzi warekebishe sentensi zao mara chache zaidi. Mwalimu alipomsimamisha mwanafunzi na kumwachia atafute jibu mwenyewe, kwa kuuliza "unasemaje?" au kwa kurudia mpaka kwenye kosa na kunyamaza, mwanafunzi alirekebisha mara nyingi zaidi.

Basi mwambie mwalimu wako mapema: "Nikikosea, nisimamishe, niache nijaribu mwenyewe kwanza." Ombi hilo ni rahisi kulitoa kwa mwalimu wa peke yako. Darasani utalazimika kumfuata baada ya kipindi, na usione haya. Mwalimu anayejali kazi yake atafurahi.

Upande wa maandishi, kwa mbali kuna faida. Insha uliyoituma inarudi na alama zako, unaitunza, na baada ya miezi miwili unaona kosa gani linajirudia. Daftari la darasani hufanya hivyo pia, ila mwalimu mwenye madaftari 40 kwa usiku mmoja ataweka tiki na kupita.

Hatua ya 5: Usiache matamshi kwa bahati

Tatizo la kufundisha sikio kutoka mbali ni la zamani. Mwaka 1856 huko Berlin, Charles Toussaint na Gustav Langenscheidt walianza kuuza masomo ya Kifaransa kwa barua, na ili kuwasaidia wasomaji ambao hawakuwa wamesikia Kifaransa, waliweka alama za matamshi kila palipohitajika. Kampuni ya Linguaphone, iliyoanzishwa London mwaka 1901, iliongeza sauti iliyorekodiwa. Leo tuna video, lakini kazi ni ileile: mwanafunzi asikie vizuri, na mwalimu asikie na aone vizuri.

Chukua irabu ya Kifaransa iliyo kwenye neno "tu" (yaani "wewe"), ambayo Kiswahili hakina. Sema "i" na uishikilie. Ulimi usisogee. Sasa taratibu kunja midomo mbele kana kwamba unataka kusema "u". Sauti inayotoka ndiyo yenyewe. Wengi wanapofika hapo ulimi unarudi nyuma bila wao kujua, na wanatoa "u" ya kawaida. Mwalimu aliyesimama mbele yako anaona midomo na kusikia kosa papo hapo. Mtandaoni, kama umeegemeza simu mezani na kamera inatazama kidevu kutoka chini, haoni kitu.

Kwa hiyo kama utasoma kwa mbali:

- Weka kamera sawa na mdomo, taa au dirisha liwe mbele yako.
- Tumia vipokea sauti vya masikioni vyenye maikrofoni. Spika ya simu inarudisha sauti ya mwalimu kwenye maikrofoni, na programu, ikijaribu kuzuia mwangwi, inakata maneno yako.
- Zima kipengele cha kuchuja kelele kama chumba chako kina utulivu. Kazi yake ni kuondoa mivumo, na sauti kama s, f na sh kwake zinafanana na mivumo.
- Mtandao ukiwa dhaifu, zima picha ubaki na sauti, isipokuwa dakika za matamshi.
- Epuka kujifunza sauti mpya kwa simu ya kawaida isiyo ya intaneti. Mfumo wa zamani wa simu hupitisha mawimbi ya kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400, wakati nguvu kubwa ya s iko juu ya hapo. Ndiyo maana kwenye simu s na f huchanganywa kirahisi.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna mambo mawili ya kumwomba mwalimu ayafuatilie tangu mwanzo, popote mnaposomea. La kwanza ni irabu tunayoichomeka mwishoni mwa neno linaloishia konsonanti. La pili ni irabu zinazotofautiana kidogo tu, kama zile za ship na sheep za Kiingereza, ambazo sisi wenye irabu tano tunazisikia kama kitu kimoja. Usikubali kuambiwa "utazoea". Hutazoea kutofautisha usichokisikia. Unahitaji mazoezi ya kusikiliza maneno mawiliwawili, ukitaja lipi ni lipi, mpaka sikio lifunguke. Zoezi hili programu ya simu inalifanya vizuri kuliko darasa, kwa sababu haichoki kurudia.

Lugha yenye hati ngeni, kama Kichina au Kiarabu, inahitaji pia mkono uonekane. Picha ya ukurasa uliomaliza kuandika haionyeshi ulichora mstari gani kwanza. Tundika simu juu ya daftari, ikitazama chini, mwalimu aone kalamu ikitembea.

Hatua ya 6: Jipime nidhamu kwa wiki mbili kabla ya kulipa

Darasa lina nguvu moja ambayo hakuna programu iliyoifikia: kuna watu wanaokutegemea ufike. Kiti chako kikiwa kitupu, mtu anauliza. Mtandaoni unaweza kutoweka kimyakimya, na wengi hutoweka. Kozi huria za mtandaoni zinajulikana kwa kuandikisha umati na kumalizwa na wachache.

Jaribio ni dogo. Chagua somo lolote la bure la lugha unayoitaka, panga saa maalumu, dakika 25 kila siku, kwa siku 14. Weka alama kwenye kalenda. Ukitimiza siku 11 au zaidi, unaweza kusoma kwa mbali. Ukitimiza chache kuliko hizo, usijilaumu wala usikate tamaa, nunua ratiba. Ratiba inaweza kuwa darasa la chumbani, au mwalimu wa mtandaoni mwenye saa isiyohamishika na utaratibu wa kutorudisha ada ukighairi dakika za mwisho. Kwa mtu mwenye zamu za usiku, mtoto mchanga au ulemavu unaofanya safari kuwa ngumu, njia ya pili mara nyingi ndiyo pekee inayowezekana, na haina upungufu wowote ikipangwa vizuri.

Aibu nayo ihesabiwe. Wapo wanaokufa ganzi wakitakiwa kusema mbele ya watu 20, na muhula mzima unapita wakijificha. Kwao miezi mitatu ya mwanzo na mwalimu mmoja kwa mbali ni dawa nzuri, kisha waingie darasani wakiwa na sentensi za kujitetea.

Hatua ya 7: Changanya, kwa mpangilio

Ukiwa na uwezo wa kuchagua, ushauri wangu ni huu. Miezi ya mwanzo, sauti na hati zinapojengwa, tafuta mtu wa kukaa naye chumba kimoja, hata kwa vipindi vichache. Makosa ya matamshi yakishaota mizizi, kuyang'oa ni kazi ya miaka. Ukifika kama A2, unapoweza kusimulia siku yako kwa sentensi fupi, hamishia fedha zako kwa mwalimu wa peke yako mtandaoni, kwa sababu sasa unachohitaji ni dakika nyingi za kusema. Kama lugha unayoitaka haina mwalimu karibu nawe, anza kwa mbali bila kusubiri, na uzingatie hatua ya 5 kwa ukali.

Msamiati ufanye peke yako daima. Kulipa mwalimu akuulize maneno ni kupoteza saa zake na fedha zako. Tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, tunajua kwamba tunasahau haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyopangwa kwa nafasi yanashinda marudio ya mkupuo. Sebastian Leitner, mwaka 1972, alieleza namna rahisi ya kulifanya kwa kadi na visanduku: kadi uliyoipata inasogea sanduku la mbele linalorudiwa baada ya siku nyingi zaidi, uliyoikosa inarudi sanduku la kwanza. Programu kama Anki hufanya kazi hiyo kwenye simu. Kadi 10 mpya kwa siku zinatosha. Andika sentensi fupi kwenye kila kadi badala ya neno tupu.

Wiki ya kawaida inaweza kuwa hivi: vipindi viwili vya kuzungumza na mwalimu, kadi kila siku, kusikiliza dakika 20 kitu unachokielewa kwa sehemu kubwa, siku nne, na aya moja ya kuandika, itumwe kabla ya kipindi ili muda wa kipindi usiliwe na kusoma kimya.

Hatua ya 8: Jirekodi, kisha uamue kubaki au kuhama

Siku ya kwanza ya kozi, jirekodi kwa simu ukijieleza kwa dakika mbili bila kusoma popote, hata kama utaishia kutaja jina na kukwama. Hifadhi. Rudia kila baada ya wiki sita, mada ileile. Sikiliza mambo matatu: umesema maneno mangapi, umekwama wapi, na makosa ambayo mwalimu amekuwa akiyasimamisha yamepungua au la.

Rekodi mbili mfululizo zisipoonyesha badiliko, angalia kwanza kazi ya nyumbani kama umeifanya. Kama umeifanya, rudi kwenye hatua ya 3 na uhesabu upya dakika zako, maana madarasa hujaa watu katikati ya muhula na walimu wa mtandaoni huanza kupiga soga kwa lugha mnayoijua wote wawili. Zungumza na mwalimu, umpe vipindi vitatu. Dakika zako zisipoongezeka, badilisha mwalimu kabla ya kubadilisha njia ya kusomea. Na kabla ya kulipia kozi yoyote mpya, uliza kwa maandishi mambo manne: idadi ya juu ya wanafunzi, jina la kitabu au mtalaa unaofuatwa, nani atafundisha kwa kweli, na sehemu gani ya ada inarudi ukiondoka kabla ya mwisho.